Mbeleko au kibebeo? Tazama kwanza pua ya mtoto

Siku hizi Kariakoo vibebeo vya watoto vinaning'inia milangoni mwa maduka sambamba na mabegi ya shule. Vipo vya mikanda na vifungo vya plastiki, vipo vya kitambaa kirefu kinachovutika, vipo vyenye kiti kigumu cha kufunga kiunoni, na vipo vya begani vilivyoshonwa kama mkoba, mtoto analazwa ndani kama nyanya za sokoni. Hatua chache mbele muuza kanga amepanga doti zake, na kipande kimoja tu cha doti hiyo kimebeba watoto wa nchi hii vizazi na vizazi. Wewe mwenye mimba ya miezi minane, au wewe baba uliyetumwa na orodha ya vitu vya mtoto, unasimama katikati unajiuliza ununue kipi.

Wengi huuliza kipi ni cha kisasa, kipi kina rangi nzuri, kipi hakitamfanya mtu aonekane mshamba akipanda mwendokasi. Hayo ni maswali halali ya mfuko na ya moyo. Lakini kwa upande wa afya swali la kwanza ni moja: mtoto akishaingia humo, hewa inapita vipi?

Hatari isiyopiga kelele

Mtoto mchanga ana kichwa kikubwa ukilinganisha na mwili wake, na shingo yake haijakaza. Njia yake ya hewa ni nyembamba na laini. Fikiria mpira wa kumwagilia bustani: ukiukunja, maji yanakatika hata kama bomba umelifungua mpaka mwisho. Ndivyo inavyokuwa kidevu cha mtoto kikiangukia kifuani pake. Mtu mzima akibanwa hivyo atajinyoosha, atasukuma, atapiga kelele. Mtoto wa wiki sita hawezi kuinua kichwa, na kwa sababu hewa haipiti, hata kulia hawezi. Wewe unaona ametulia. Unamshukuru Mungu kwamba amelala, unaendelea na kazi.

Kuna njia ya pili. Pua na mdomo vinaweza kuzibwa na kitambaa, na titi la mama, au na koti la mbebaji. Na hata visipozibwa kabisa, mtoto aliyezama ndani ya kitambaa kizito anaweza kuwa anavuta tena hewa ileile aliyoitoa, isiyo na oksijeni ya kutosha. Kwa mtoto mdogo mambo haya huharibika ndani ya dakika chache.

Hili si jambo la kutishiana. Machi 2010 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za walaji ilitoa onyo kwa wazazi baada ya kuhesabu vifo 14 vilivyohusishwa na vibebeo vya begani katika kipindi cha miaka 20. Watoto 12 kati ya hao walikuwa chini ya miezi minne. Mwezi huohuo vibebeo zaidi ya milioni moja vya aina ya mkoba viliondolewa sokoni. Tatizo la mikoba ile lilikuwa umbo lake: mtoto alilala amejikunja, mgongo umepinda, kidevu kimegusa kifua, na kitambaa kimemzunguka juu hadi usoni. Ukikutana na umbo la namna hiyo Kariakoo, Mwanjelwa au kwenye kurasa za wauzaji mtandaoni, liache hapohapo, hata kama bei imeshushwa nusu.

Walio hatarini zaidi ni watoto wa chini ya miezi minne, watoto njiti, mapacha waliozaliwa wadogo, waliozaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, na mtoto yeyote mwenye mafua au kifua kinachokoroma. Kama wako yumo katika kundi hilo, muulize mtoa huduma wa kliniki kabla ya kununua chochote cha kumbebea. Na siku mtoto ana mafua, hata kama ni mkubwa kidogo na umemzoea mgongoni, mbebe kifuani ambako unamwona.

Ukaguzi wa nusu dakika

Kila unapomaliza kumfunga mtoto, simama. Usianze kutembea. Inamisha macho: unauona uso wake wote bila kufunua nguo yoyote? Inamisha kichwa: midomo yako inafika kwenye utosi wake bila kujivuta? Ikiwa hufiki, yuko chini mno, mpandishe. Pitisha vidole viwili kati ya kidevu chake na kifua chake. Vikipita bila kulazimisha, njia ya hewa iko wazi. Kisha weka kiganja mgongoni mwake na usukume taratibu kuelekea kwako. Akizama au mgongo ukinyooka ghafla, ujue umelegeza, na mtoto aliyelegezwa ndiye anayeporomoka na kujikunja baada ya robo saa ya kutembea.

Kubana ni jambo linalowachanganya wengi. Mama wa mara ya kwanza huogopa kwamba akikaza kitambaa atamuumiza mtoto, kwa hiyo anamfunga kama shuka. Kitambaa kinatakiwa kimkumbatie mtoto kama ambavyo mikono yako ingemkumbatia: kimshike mwili wote, asining'inie, lakini kifua chake kiweze kupanda na kushuka. Kinachobanwa ni mgongo na makalio. Kichwa hakibanwi. Kwa mchanga, ukingo wa kitambaa uishie usawa wa masikio au shingoni kumpa nguzo, na kisipite juu ya uso.

Rudia ukaguzi huu baada ya kukaa, baada ya kuinama kuokota kitu, na hasa baada ya kunyonyesha. Kunyonyesha mtoto akiwa ndani ya kibebeo kunawezekana, na kunawasaidia akina mama wanaouza genge au wanaosubiri foleni. Lakini hiyo si kazi ya kufanya huku unatembea au unahudumia wateja. Legeza, mshushe, mshike kichwa kwa mkono wako, mtazame muda wote, na akimaliza mpandishe tena wima, uso upande mmoja, pua nje. Mtoto aliyeachwa alale huku titi likiwa mdomoni na shingo imepinda yuko katika hatari ileile niliyoieleza juu.

Kanga ya mbeleko

Sasa niseme wazi kwa wale wanaodhani kwamba bila kibebeo cha dukani mtoto wao ameonewa: mbeleko ya kanga au kitenge, ikifungwa vizuri kwa mtoto aliyefikia umri wake, ni kifaa kizuri. Hata hivyo vya dukani vina undugu nayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 muuguzi wa Kimarekani, Ann Moore, alikuwa Togo kama mfanyakazi wa kujitolea wa Peace Corps. Aliona jinsi watoto walivyotulia migongoni mwa mama zao. Aliporudi Marekani na kujifungua alijaribu kumfunga mwanawe kwa kitambaa, mtoto akawa anateleza, akamwomba mama yake mzazi amshonee kitu chenye mikanda. Kikawa Snugli, kilichosajiliwa kwa hataza mwaka 1969, na mtindo wa kubeba mtoto kwa mikanda laini ukaenea Marekani na kwingineko. Kwa hiyo mama anayeona haya kubeba mbeleko mjini anaona haya ya kitu ambacho wengine walikuja Afrika kukiona.

Lakini si kila kanga inafaa na si kila mgongo uko tayari. Tafuta pamba. Kitambaa cha kuteleza, kama satini au mitandio ya nailoni, fundo lake hujifungua polepole bila wewe kujua. Kanga iliyochakaa, ambayo ukiiinua juani unaona mwanga unapenya, itumie kufutia mtoto, usimbebee. Na kama wewe ni mnene kiasi kwamba kipande kimoja kinakufikia kwa shida na fundo linabaki na ncha fupi kama kidole, tumia kitenge kirefu. Fundo lenye ncha fupi ndilo linaloachia. Funga mara mbili, kaza, na usitegemee pini.

Kuhusu umri, hapa bibi zetu na mimi huwa tunavutana kidogo. Wengi humpeleka mtoto mgongoni akiwa na wiki chache tu, kichwa kimefunikwa, na watakwambia kwamba wamelea kumi namna hiyo. Ushauri wangu ni kungoja shingo ikaze, yaani mtoto aweze kuinua na kushika kichwa chake mwenyewe bila kuyumba, jambo ambalo kwa watoto wengi hutimia karibu na miezi minne na kuendelea. Sababu ni rahisi: mgongoni humwoni. Kabla ya hapo mbebe kifuani, wima, tumbo lake likigusa lako. Ukihitaji kumwambia bibi bila kumvunjia heshima, mwambie kliniki wamesema asubiri, na umpe kazi ya kumshika mtoto wakati unampandisha.

Kumpandisha nako kuna namna yake. Jifunze ukiwa kando ya kitanda, na mtu mwingine akiwa nyuma yako mpaka mkono uzoee. Inama mpaka mgongo wako uwe kama meza, mtoto alale juu yake, miguu ikikukumbatia kila upande. Kitambaa kipite chini ya makalio yake kwanza, kifike nyuma ya magoti, ndipo kipande juu hadi mgongoni na chini ya makwapa au usawa wa shingo. Vuta ncha zote mbili kwa nguvu sawa. Usijinyooshe mpaka fundo la kwanza limekaa. Mtoto akae juu, karibu na mabega yako. Anayening'inia kwenye makalio ya mama anamchosha mama kiuno, na ndiye anayechuruzika chini. Kanga ya pili ikifungwa juu ya ile ya kwanza, kama wanavyofanya akina mama wengi wa vijijini, ni bima nzuri.

Na kwa kuwa humwoni, simu yako ina kamera ya mbele. Inyanyue juu ya bega kila baada ya muda, tazama uso wake. Watu watadhani unapiga picha za mtandaoni, waache wadhani.

Jambo moja tunalopaswa kuliacha ni kumfunika mtoto kichwa kizima kwa kanga, iwe kwa ajili ya jua, vumbi, au macho ya watu. Jua lina kofia na mwamvuli. Kwa hofu ya jicho la watu siwezi kuandika dawa, ila mtoto aelekezwe kifuani kwa mama, na watu wasiomhusu hawatamwona usoni hata bila kufunikwa.

Nyonga, magoti na habari ya matege

Mbeleko imesingiziwa mengi, na la kwanza ni matege. Karibu watoto wote huzaliwa na miguu iliyopinda kidogo kwa sababu ya jinsi walivyokaa tumboni, na miguu hiyo hunyooka yenyewe kadiri mtoto anavyotembea, kwa wengi kufikia umri wa miaka miwili hivi. Matege yanayozidi au kuendelea baada ya hapo hutokana na mambo mengine, mojawapo likiwa upungufu wa vitamini D au madini ya kalsiamu, na mtoto wa namna hiyo aonwe na daktari. Kumnyima mbeleko hakutamtibu.

Ukweli uko karibu na kinyume chake. Mfupa wa paja wa mtoto mchanga unaingia kwenye tundu la nyonga ambalo bado ni laini, na tundu hilo hujengeka vizuri miguu ikiwa imepanuliwa na magoti yamekunjwa kuelekea juu. Ndivyo mtoto anavyokaa mgongoni kwa mama. Mwaka 2015 madaktari wa mifupa waliofanya kazi Malawi, nchi ambayo karibu kila mtoto hubebwa mgongoni, walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za watoto zaidi ya 40,000 waliofika kliniki zao kwa miaka kumi. Hawakukuta hata mtoto mchanga mmoja aliyefanyiwa upasuaji kwa nyonga iliyokosa kujengeka. Upande wa pili, jamii zilizozoea kuwafunga watoto miguu ikiwa imenyooshwa na kubanwa pamoja zina tatizo hilo kwa wingi. Kwa hiyo ukimfunga mtoto, iwe kwa kanga au kwa mikanda, magoti yawe juu kidogo kuliko makalio, umbo kama la chura aliyetulia, na usimvute miguu inyooke kwenda chini.

Hapa ndipo vibebeo vingi vya bei nafuu vinapoanguka. Tazama sehemu anayokalia mtoto. Ikiwa ni kipande chembamba kinachopita katikati ya mapaja tu, miguu inabaki inaning'inia kama ya mwanasesere, na uzito wote wa mtoto unakalia kinena. Kwa matembezi ya dakika kumi hakitamlemaza mtoto, usiogope. Lakini kwa fedha yako tafuta chenye kalio pana linalofika kuanzia goti moja hadi jingine.

Ukiamua kununua

Nenda na mtoto, au kama hajazaliwa, nenda na mfuko wa unga wa kilo tano. Sitanii. Kibebeo kinachoonekana kizuri kikiwa kitupu kinaweza kukukata mabega baada ya dakika tano kikiwa na uzito ndani. Chenye mkanda mpana wa kiunoni hupeleka uzito kwenye nyonga zako, ambazo zina nguvu kuliko mabega, na mgongo wako utakushukuru mtoto atakapofikisha kilo tisa au kumi karibu na mwaka mmoja.

Fungua na ufunge kila kifungo cha plastiki. Kisikike kikigonga, na ukivuta kwa nguvu kisiachie. Vuta mishono yote, hasa pale mkanda unaposhonwa kwenye kitambaa. Tafuta lebo inayotaja uzito wa chini na wa juu. Uzito wa chini ndio watu wanaousahau: kikiandikwa kuanzia kilo tano, mtoto wako wa kilo tatu na nusu atazama ndani yake. Kisicho na lebo yoyote, mimi nisingekinunua.

Vya mtumba si vibaya, vingine ni imara kuliko vipya vya madukani. Ila chunguza plastiki kama ina nyufa, mipira kama bado inavuta, na mikanda kama haijachanika pembeni. Kisha fua kwa sabuni ya kawaida na uanike. Mtoto atakinyonya kile kitambaa, hilo halina mjadala.

Vile vyenye kiti kigumu cha kiunoni ni vya mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, karibu na miezi sita. Na kumgeuza mtoto atazame mbele, mtindo unaopendwa na akina baba kwa sababu mtoto anaona watu, kusubiri hadi shingo na mgongo vikaze, miezi mitano au sita, na kuwe kwa muda mfupi. Akilala, mgeuze akuelekee, maana kichwa kitaanguka mbele. Nikiwa hapo kwa akina baba, inafurahisha kuona wanaume wengi zaidi wakishuka daladala na mtoto kifuani. Ukaguzi wa nusu dakika ni uleule, ila jihadharini na jaketi lililofungwa zipu hadi juu ya kichwa cha mtoto.

Mama aliyejifungua kwa upasuaji asifunge mkanda wa kiunoni juu ya mshono. Wiki za mwanzo baba, shangazi au bibi abebe, na mama apokee mtoto akiwa ameketi. Akianza kubeba mwenyewe, fundo au mkanda ukae juu ya tumbo, chini ya matiti.

Jikoni, shambani, barabarani

Ajali nyingi za mtoto wa mbeleko hazitokani na mbeleko. Zinatokana na kile mama anachofanya akiwa nayo. Ukisonga ugali na mtoto kifuani, miguu yake iko juu ya sufuria. Ukiwa naye mgongoni moto haumgusi, lakini moshi wa kuni na mkaa unamfikia, na moshi huo unachangia nimonia kwa watoto wadogo. Mlaze chali mahali salama, kwenye godoro tambarare, au mpe mtu, umalize kupika. Usinywe chai ya moto juu ya kichwa chake. Anayepulizia dawa shambani asiwe na mtoto mwilini kabisa, wala asimbebe kabla ya kuoga na kubadili nguo, maana sumu inayokaa kwenye nguo inatosha kumdhuru.

Ukiinama kuokota kitu, piga magoti, usiinamishe kiuno. Mtoto wa mgongoni hutokea begani, hasa yule wa miezi kumi anayependa kuchungulia. Milango ya daladala na fremu za maduka zinagonga vichwa vya watoto kila siku kwa sababu mama anasahau kwamba mwili wake umeongezeka nyuma. Ndani ya gari, mhamishie mbele kabla ya kukaa. Kumwegemea mtoto kwenye kiti, nawe umesinzia safari ya Mbagala hadi Mwenge, ni hatari kubwa kuliko watu wanavyofikiri.

Kwenye gari binafsi kibebeo hakichukui nafasi ya kiti cha mtoto, na mkanda wa gari usipite juu yenu wote wawili, kwa sababu mkigonga mwili wako utambana mtoto kwenye mkanda. Kuhusu bodaboda, sitaandika namna salama ya kumbeba mchanga kwa sababu haipo. Najua kuna vijiji ambako bodaboda ndiyo gari la wagonjwa. Hapo mama anachagua kati ya hatari mbili, na hana wa kulaumiwa. Lakini kwa safari ya kwenda saluni au kumtembelea shoga, subiri bajaji.

Miji yetu ya pwani ina jambo jingine: joto. Wewe na mtoto mnapashana. Mvalishe nguo nyepesi, pungufu ya zile ambazo angevaa akiwa kitandani. Gusa shingo yake nyuma. Ikiwa imelowa jasho na ina moto, mtoe, mpepee, mnyonyeshe. Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji, anahitaji ziwa mara nyingi zaidi. Vipele vya joto kwenye mikunjo ya shingo na kinena ni ishara kwamba anakaa ndani muda mrefu bila kupumzishwa. Na mtoto asibebwe na mtoto mwenzake. Dada wa miaka saba anaweza kumbembeleza mdogo wake akiwa ameketi mkekani, lakini mgongo wake mdogo hauwezi kumzuia akijikwaa.

Je, utamdekeza?

Mama wakwe wengine husema mtoto akizoea kubebwa hatakubali kulazwa. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Montreal, Kanada, waliwagawa akina mama makundi mawili kwa bahati nasibu. Kundi moja liliombwa kubeba watoto angalau saa tatu kwa siku, hata kama hawalii. Walipofikisha wiki sita, umri ambao watoto hulia sana, waliobebwa zaidi walilia kwa asilimia 43 pungufu ya wenzao. Mchanga anayebebwa hadeki. Anasikia moyo aliouzoea tumboni.

Kwa watoto njiti kubebwa ni tiba kamili. Huduma ya kangaroo, ambayo mtoto hufungwa kifuani ngozi kwa ngozi, ilianza Bogotá, Colombia, mwaka 1978, hospitali ilipokuwa na vifaa vichache vya kuwapasha joto watoto. Utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwamo, ulitoa matokeo mwaka 2021: watoto wenye uzito kati ya kilo moja na 1.8 waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali itulie, walikufa kwa asilimia 12.0 ndani ya siku 28, dhidi ya asilimia 15.7 kwa waliosubirishwa. Ukiambiwa wodini umweke mtoto kifuani, usione umepewa huduma ya maskini. Wauguzi watakuonyesha jinsi ya kumfunga: wima, miguu kama chura, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo ili pua iwe wazi. Uliza mpaka uelewe, kwa sababu nyumbani utafanya peke yako, na mtu mwingine wa familia ajifunze pia akupokee ukichoka. Usisinzie ukiwa umejilaza kwenye sofa na mtoto kifuani bila kumfunga na bila mtu wa kuwatazama.

Akibadilika

Mtoe mara moja ukisikia anakoroma au kugumia kila anapopumua, ukiona pua zinatanuka, mbavu zinazama, au mwili umelegea kama kitambaa. Kwa ngozi nyeusi usitazame mashavu. Funua mdomo, tazama ulimi na fizi: zikiwa za bluu au kijivu, hewa haimtoshi. Mlaze chali mahali pagumu, msugue nyayo na mgongo, muite. Asipopumua, piga kelele ya msaada, nyoosha kichwa chake kiwe sawa bila kukirudisha nyuma sana, funika mdomo na pua yake pamoja kwa mdomo wako na umpulizie pumzi ndogo tano, kila moja ikiinua kifua. Asiposhtuka, zungushia mikono yako kifuani mwake na ubonyeze katikati ya kifua, chini kidogo ya mstari wa chuchu, kwa vidole gumba viwili, haraka, mara 30, kisha pumzi mbili, na uendelee hivyo njiani kwenda kituo cha afya. Siku ya chanjo, mwombe muuguzi akuonyeshe kwa mdoli au kwa mto, na umpeleke pia yule dada anayebaki na mtoto ukienda kazini.